Nimeamua kuacha pombe, lakini nikikaa bila kunywa mwili unagoma: nianzie wapi?

Mtunza Ghala (Tabata, Dar es Salaam)

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za kazi. Ninaandika kwa jina la kubuni kwa sababu ambazo mtazielewa mkiendelea kusoma. Nina umri wa miaka 44, nina mke na watoto, ninatunza ghala la kampuni inayouza vifaa vya ujenzi, na ninakunywa pombe kila siku. Sitafuti mtu wa kunipa pole wala wa kunikaripia, kwa kuwa yote mawili ninayapata nyumbani. Nimekwisha kuamua kwamba nitatafuta msaada, na ninachouliza hapa ni utaratibu wake.

Zamani nilikuwa mtu wa bia za jioni na wenzangu katika grosari iliyo jirani na kituo cha daladala, moja moto moja baridi, kisha kila mtu kwake. Miaka ilivyokwenda bia zikawa hazinifikishi popote, nikahamia kwenye Konyagi, na siku hizi robo lita inaisha kabla ya saa tatu usiku na nyingine ninaondoka nayo mfukoni. Lakini jambo lililobadilika zaidi ni asubuhi. Nisipozimua kabla ya kutoka nyumbani, mikono inatetemeka kiasi kwamba siwezi kutia saini kwenye hati za kupokea mzigo. Huwa ninaikandamiza karatasi kwa kiwiko na kuegemeza mkono mzima juu ya meza, na bado saini inatoka kana kwamba nimeiandikia ndani ya lori linalotembea. Kijana ninayefanya naye kazi ameanza kunijazia fomu bila kuombwa, wala hajawahi kusema neno. Sidhani kwamba ni yeye peke yake anayejua.

Wakati wa Kwaresima niliacha ghafla, kama wengi wetu tunavyozoea kufanya. Siku ya kwanza ilipita kwa kutokwa jasho na kukosa usingizi. Usiku wa pili nilisikia watu wakiniita nje ya dirisha kwa jina langu la utotoni, nikatoka mara kadhaa na taa ya simu, na hapakuwa na mtu. Moyo ulikuwa ukienda mbio na viganja vimelowa. Mke wangu alidhani ni malaria. Nilipokunywa kidogo yote yalitulia ndani ya nusu saa, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana nilielewa kwamba starehe imekwisha kutoka katika jambo hili na kilichobaki ni kunywa ili niweze kusimama.

Nina likizo ya mwaka ambayo bado sijaichukua, na ningependa kuitumia kabla ya Desemba, kwa sababu Desemba tunapanda nyumbani Rombo, na kule ni vigumu kukaa katika kikao cha ukoo bila kukabidhiwa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Je, nijifungie nyumbani na kuvumilia mpaka yaishe, au nipunguze kidogo kidogo? Kama ni hospitali, ninafika mapokezi na kusema nini, ilhali sina homa wala jeraha? Jamaa mmoja amenishauri niende kliniki ya methadoni, mwingine ananiambia nyumba za upataji nafuu, zile wanamokaa watu wanaoacha uraibu. Tena ninahofia kazi. Atakayejibu kwa uzoefu wa kweli nitamshukuru.

Muuguzi wa Wodini (Moshi)

Kaka yangu, umefanya vyema kueleza asubuhi yako kwa kina, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo humo. Mtu anayetetemeka asubuhi na kutulia baada ya kuzimua, na ambaye alipoacha ghafla alisikia sauti usiku wa pili, hapaswi kujifungia nyumbani na kuvumilia. Ninalisema hili mwanzo kabisa kwa kuwa huenda ukaacha kusoma katikati.

Pombe hupoza utendaji wa ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo wake hujizoesha kwa kuongeza msukumo wake wenyewe ili uweze kufanya kazi chini ya uzito huo. Siku pombe inapoondolewa ghafla, msukumo ule unabaki bila kitu cha kuuzuia, na ndiyo maana mikono inatetemeka, jasho linatoka, mapigo ya moyo yanapanda na usingizi unakataa. Dalili hizo huanza ndani ya saa chache baada ya kinywaji cha mwisho. Baadhi ya watu huanguka na kupata degedege kama mtu mwenye kifafa, mara nyingi ndani ya siku mbili za mwanzo. Wachache hufikia hali mbaya zaidi kati ya siku ya pili na ya nne: wanaweweseka, hawajui walipo, wanaona wadudu au watu wasiokuwepo, joto la mwili linapanda, na wasipotibiwa wanaweza kufa. Heroini, ambayo watu wanaiogopa kuliko pombe, humtesa sana anayeiacha, lakini ni nadra kumuua kwa kule kuiacha tu, pombe yaweza.

Hali hiyo ninaiona wodini mara kwa mara kwa watu ambao hawakuja kwa ajili ya pombe hata kidogo. Analetwa mtu aliyevunjika mguu kwa ajali ya bodaboda, anafungwa plasta, anatulia. Siku ya tatu unamkuta ameketi kitandani akiokota siafu kwenye shuka, mmoja mmoja, kwa makini, na kukuomba umletee kikopo cha kuwawekea. Ndugu zake wanasema malaria imempanda kichwani, au kuna mtu kijijini amemtupia kitu. Ukimwita mkewe pembeni na kumwuliza mgonjwa anakunywa kiasi gani, anatazama chini kwanza, kisha anakuambia, na matibabu yanabadilika siku ileile.

Kuhusu mapokezi, usihangaike kutafuta ugonjwa wa kujifichia. Kwa kuwa unakaa Tabata, hospitali ya rufaa ya mkoa ya Amana haiko mbali nawe, na Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili. Sema hivi: "Ninataka kuacha pombe. Nikiacha ninatetemeka na kusikia sauti. Ninaomba kuonana na watu wa afya ya akili." Maneno hayo yanatosha kukupeleka kwa mtu anayehusika. Usiogope neno "akili". Kitengo hicho ndicho kinachoshughulika na uraibu wa pombe katika hospitali zetu.

Halafu taja kiasi halisi. Wagonjwa wengi hukata nusu wanapoulizwa, na daktari naye anapanga dozi kwa nusu hiyo. Chupa ya bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi tupu. Robo lita ya Konyagi, ambayo ina asilimia 35, inakaribia gramu 70, yaani bia tatu na nusu. Kwa hesabu uliyotupa, robo lita mbili kwa siku ni sawa na bia saba, na hiyo ni kabla ya kuhesabu ile ya asubuhi. Pengine utapewa pia dodoso la Shirika la Afya Duniani lenye maswali 10, ambalo alama zake zinafika 40. Kuanzia alama 8 unywaji huhesabiwa kuwa wa hatari, na kadiri zinavyopita 20 ndivyo uwezekano wa utegemezi unavyokuwa mkubwa. Dodoso hilo lilihakikiwa kwa Kiswahili hapa Moshi, katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, ambako pia kulitengenezwa mazungumzo mafupi yanayoendeshwa na wauguzi kwa majeruhi wanaokunywa, yakaitwa Punguza Pombe kwa Afya Yako. Ninakutajia hayo ili ujue kwamba hutakuwa mtu wa kwanza kulizungumza jambo hili mbele ya muuguzi. Kwa hali yako, hata hivyo, mazungumzo mafupi peke yake hayatatosha.

Wakikuona unahitaji kulazwa, kwa kawaida utapewa dawa za kutuliza za kundi la diazepamu kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo wanywaji wengi wanaikosa kwa sababu hawali vizuri na miili yao haiifyonzi. Upungufu mkubwa wa vitamini hiyo huharibu kumbukumbu na mwendo, na baadhi ya madhara hayo hayarudi nyuma. Tafadhali usiende duka la dawa kujinunulia diazepamu ukaitumia huku unakunywa. Viwili hivyo kwa pamoja vinaweza kuzima pumzi ya mtu usingizini.

Methadoni haikuhusu. Kliniki zile, kuanzia ya Muhimbili iliyofunguliwa 2011 na nyingine zilizofuata Mwananyamala na Temeke, ni kwa ajili ya watumiaji wa heroini na dawa za jamii hiyo, na methadoni haina kazi yoyote dhidi ya pombe.

Katekista wa Kigango

Ninamheshimu dada muuguzi, lakini ninadhani tunalikuza jambo. Nimewaona waumini wengi walioacha pombe kwa sala na nia thabiti, bila kulala hospitali hata usiku mmoja. Mtu akiamua kwa moyo wote, Mungu humsaidia. Nia ikiwa legelege, hata umlaze miezi sita atarudi kulekule. Ndugu, mwone padre wako, ufanye kitubio, na uwaambie wenzako wa jumuiya ndogo ndogo wakusindikize kwa sala.

Mzee wa Ngara (Nairobi)

Bwana Katekista, mimi ni mtu wa sala na sina ugomvi na ushauri wako wa kumwona padre. Lakini ndugu huyu amesema alisikia sauti usiku wa pili, na hilo si suala la nia. Nitakupa mfano kutoka kwa watu ambao huwezi kuwashuku kwamba walidharau mambo ya roho. Chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho msingi wake ni mtu kukiri kwamba peke yake hawezi na kujikabidhi kwa Mungu kadiri anavyomfahamu, kilianzishwa mwaka 1935 katika mji wa Akron, Ohio, nchini Marekani, na Bill Wilson, aliyekuwa mfanyabiashara wa hisa, pamoja na daktari wa upasuaji, Bob Smith. Wilson aliacha pombe akiwa amelazwa katika hospitali ya New York iliyokuwa ikitibu walevi, Desemba 1934, na mabadiliko yake ya kiroho yalimjia akiwa juu ya kitanda cha hospitali hiyo, chini ya uangalizi wa daktari. Dkt. Smith naye, asubuhi ya siku ambayo inahesabiwa kuwa ya kinywaji chake cha mwisho, alipewa bia na Wilson mwenyewe ili mikono itulie, kwa kuwa alikuwa na mgonjwa wa kupasua siku hiyo. Ndugu Mtunza Ghala, umesoma hapo? Mikono ilimtetemeka daktari mpasuaji. Wewe ni saini tu.

Mimi nilipitia hospitali kwanza, kisha mikutano. Hospitali ilinitoa pombe mwilini, kazi ya siku chache. Baada ya hapo nilirudi nyumbani nikiwa mkavu, na nikagundua kwamba sikujua mtu mzima hufanya nini kati ya saa kumi na moja jioni na saa tatu usiku. Hilo hakuna aliyekuwa amenionya. Kwa miaka mingi saa hizo zilikuwa na mahali pake, watu wake, mzaha wake, hata kiti chake. Nilibadilisha kituo ninachoshukia matatu ili nisipite mbele ya ile baa, na ninakiri kwamba mwanzoni nilijiona mjinga kutembea mzunguko mrefu kukwepa mlango.

Mkutano wenyewe hauna maajabu. Unaingia katika ukumbi, mara nyingi wa kanisa, kuna viti vya plastiki na birika la chai. Watu wanajitambulisha kwa jina moja tu. Hakuna daftari la kusaini wala ada. Kikapu kinapita na anayeweza anatia chochote. Mmoja anaeleza alivyokuwa, lililomtokea, na alivyo sasa, na wengine wanasikiliza bila kumkatiza wala kumshauri. Siku ya kwanza nilikaa karibu na mlango nikiwa na funguo mkononi, nikasikiliza mtu mwenye suti nzuri akieleza alivyokuwa akificha chupa ndani ya tangi la maji la choo, na nilishtuka kwa sababu nilidhani maficho hayo nimeyabuni mimi. Huwezi kumdanganya mtu wa namna hiyo, na huhitaji kumweleza mambo kwa urefu. Hapa Nairobi mikutano ni mingi. Huko Tanzania ni michache zaidi, lakini ipo Dar es Salaam, na mingine hufanyika kwa simu na intaneti, kwa hiyo umbali si kizuizi kikubwa kama zamani. Kwa wasomaji walio Kenya, NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, lina simu ya bure ya ushauri, nambari 1192.

Kuhusu Desemba ningekushauri uvunje mila kidogo. Rombo itakuwepo mwaka unaofuata. Kwenda kukaa mbele ya kata ya mbege wiki chache baada ya kutoka hospitali ni kujipa mtihani ambao hakuna aliyekuomba uufanye.

Mama Wawili (Arusha)

Kaka yangu, mimi ninaandika kama mke wa mtu aliyekuwa kama wewe, na nitagusa mambo ambayo waliotangulia wameyapita.

La kwanza ni mke wako. Umesema alidhani ni malaria. Niamini, hakudhani ni malaria. Sisi tunasema malaria kwa sababu ni neno linaloweza kutamkwa mbele ya watoto na mbele ya mama mkwe. Anajua robo lita unayoibeba inakaa wapi. Ukimwambia kwamba umeamua kwenda hospitali, usishangae asiporuka kwa furaha. Huenda akakaa kimya, au akauliza jambo dogo kabisa kama vile nauli. Amekwisha kusikia ahadi nyingi, na ukimya huo ni namna yake ya kungoja aone. Usiugeuze kuwa sababu ya kukasirika na kutoka kwenda grosari. Mwombe akusindikize, na umruhusu azungumze na daktari hata kama wewe hupo chumbani, kwa maana yeye ndiye aliyekuona ukiwa umelala.

La pili ni dawa za kificho. Katika simu zetu yanapita matangazo ya unga wa kumwachisha mtu pombe bila yeye kujua, unawekwa kwenye chai au mchuzi. Nilipokata tamaa nilikaribia kuununua. Daktari mmoja alinieleza kwamba ipo dawa halali, disulfiramu, ambayo humfanya mtu aumwe vibaya akinywa pombe juu yake: uso unawaka, anatapika, moyo unakwenda mbio, presha inashuka. Inatumiwa kwa ridhaa ya mgonjwa anayejua anachomeza na amepimwa kwanza. Kumwekea mtu kitu cha namna hiyo kwa siri, hasa mwenye moyo mbovu, kunaweza kumuua mezani kwako. Na ule unga wa matangazo hakuna ajuaye una nini ndani. Zipo dawa nyingine zinazopunguza hamu ya pombe, kama naltreksoni, ambazo daktari anaweza kuzizungumzia ukishatulia. Mwambie mke wako haya kabla shoga yake hajamshauri vinginevyo.

La tatu ni nyumba za upataji nafuu. Sizipingi zote. Nyumba hizo kwa Tanzania Bara ziko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na zipo zinazoendeshwa vizuri na watu ambao wenyewe walipitia uraibu. Lakini niliwahi kwenda kuitazama moja kabla ya kumpeleka mume wangu, na nilikuta vijana wamefungiwa kwa kufuli mchana, hakuna muuguzi, na kiongozi ananiambia kwamba anayetetemeka anamwagiwa maji ya baridi mpaka atulie. Nikageuza. Ukifikiria kwenda huko, nenda kwanza kwa miguu yako mwenyewe ukiwa na mtu. Uliza kama imesajiliwa, nani anatoa dawa, mgonjwa akianguka usiku anapelekwa wapi na kwa gari gani, na kama anayetaka kuondoka anaruhusiwa. Wasipojibu, umejibiwa. Na kwa vyovyote vile iwe baada ya hospitali, maana wengi wanaoishi humo walikuwa watumiaji wa heroini, na uzoefu wa wenyeji wa kuhudumia siku za mwanzo unatokana na heroini.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi: mshahara wa miezi ya mwanzo upite kwa mkeo. Mume wangu alilipendekeza mwenyewe, na lilitupunguzia ugomvi kuliko ushauri wote wa wazee.

Afisa Utumishi

Nitajibu suala la kazi tu. Ndugu, usiimalize likizo yako ya mwaka kwa jambo ambalo ni ugonjwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti ni kuleta cheti cha daktari anayetambulika. Ukilazwa, omba cheti siku ileile unapotoka, na mweleze daktari kwamba ungependa kiandikwe kwa namna inayolinda faragha yako. Wengi huandika kwamba mgonjwa alilazwa na anahitaji mapumziko hadi tarehe fulani, basi.

Kama mwajiri wako ni mtu anayezungumzika, kuna faida ya kumweleza mapema. Katika miaka ya kushughulikia nidhamu nimeona tofauti kubwa kati ya mfanyakazi aliyekuja mwenyewe ofisini kusema anakwenda kutibiwa na yule aliyekutwa amelewa zamu ikiendelea. Wa kwanza ana faili la matibabu. Wa pili ana faili la nidhamu, na hata akisema baadaye kwamba ni mgonjwa, maelezo yake yanasikika kama utetezi. Ghala lina mizigo mizito na pengine mashine za kunyanyulia; akiumia mtu siku ambayo ulizimua asubuhi, mazungumzo yatakuwa mengine kabisa.

Mtunza Ghala (Tabata, Dar es Salaam)

Nimesoma yote mara mbili, na sehemu ya Mama Wawili nimeisoma pamoja na mke wangu. Alipofika kwenye maneno ya malaria alicheka, jambo ambalo sikulitarajia, kisha akasema kwamba chupa huwa iko nyuma ya mfuko wa mkaa. Kwa hiyo anajua.

Katekista, nitamwona padre, na sitalifanya hilo badala ya hospitali. Tumekubaliana kwenda Jumatatu asubuhi, yeye na mimi, na mdogo wangu atatupeleka kwa gari lake. Kijana wa ghalani nimemwambia ukweli, kwa sababu nilijiona nina deni kwake. Ameniambia funguo atazishika. Bosi nitamweleza nikishapata karatasi ya daktari. Suala la Rombo bado linanipa shida, maana baba yangu ni mzee, lakini mke wangu anasema ataongea naye.

Nina maswali mawili ya mwisho kwa dada muuguzi. Kati ya leo na Jumatatu niache, nipunguze au niendelee? Na je, vidonge vya presha nilivyoandikiwa mwaka jana, ambavyo kwa kweli huwa ninavirukaruka, vina uhusiano wowote na jambo hili?

Muuguzi wa Wodini (Moshi)

Usiache ghafla. Kaa kwenye kiasi kilekile unachokunywa, au pungufu kidogo kama mwili unaruhusu, na usiongeze kwa kisingizio cha kuaga. Kula, hata kama ni uji na yai, na unywe maji. Usiendeshe chombo chochote. Jumatatu asubuhi usijilazimishe kufika mkavu ili uonekane mtu wa maana. Ukihitaji kidogo ili usitetemeke njiani, kunywa, kisha mwambie daktari umekunywa nini na saa ngapi, kwa sababu anahesabu dalili zako kuanzia saa hiyo. Kabla ya Jumatatu, ukianguka, ukipata homa, ukianza kuona vitu visivyokuwepo au kutojua ulipo, usingoje. Mdogo wako alete gari usiku huohuo, na mke wako aseme neno pombe mlangoni, asiseme malaria.

Vidonge vya presha vina uhusiano mkubwa. Unywaji wa kila siku hupandisha presha, na siku za mwanzo za kuacha huipandisha zaidi, kwa hiyo daktari atataka kujua kwa hakika unameza nini na unaruka mara ngapi. Beba pakiti zenyewe, hata zilizobaki nusu, pamoja na dawa nyingine yoyote iliyomo nyumbani unayoitumia, zikiwemo za maumivu, kwa kuwa ini lako litapimwa na baadhi ya dawa hizo hupita huko. Beba pia kitambulisho, kadi ya bima kama unayo, shuka, kandambili na chaja ya simu, maana wakikulaza hutapenda kumtuma mke wako kurudi Tabata kwa ajili ya hivyo.